Ng'ombe wa Zamu

6 Januari

Kaka Mashoto,

Salamu zikufikie kabla ya lawama, maana zote zimepanda bahasha moja. Sisi hatujambo. Mama hajambo isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe anasema si ugonjwa, ni sare za shule. Kila mzazi amekumbuka ghafla kwamba mwanawe amerefuka. Nyumba nzima ni sketi za buluu. Juzi nimekalia pini. Mpe mama mkubwa shikamoo yangu. Mwambie nimekuwa wa kwanza darasani, ingawa najua mdogo wake alishampigia simu kabla hata mimi sijaonyeshwa matokeo.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Kaka, unanijua. Kwenye simu mimi ni "mm" na "haya" mpaka salio linakata roho. Kwenye karatasi hakuna anayenisubiri nimalize.

Sasa sikia. Nimeona gitaa la besi! Iko kwenye duka la magodoro na vyombo vya umeme, imetundikwa kati ya feni na mpira wa kumwagilia. Nyuzi nne, rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai. Mwili ni wa zile mbao za kubandika, tabaka juu ya tabaka, ukingo wake unafanana na keki iliyokatwa. Bei yake hata fundi cherehani anaweza kuisikia bila kukaa chini. Lakini shingo, Mashoto! Imenyooka! Nilisimama nikaichungulia kwa jicho moja kama ulivyonifundisha, kutoka kichwani kwenda chini. Muuzaji akaja. "Unataka feni?" Nikaona haya kusema hapana. Nikasema ndiyo. Akaniwashia. Nikasimama pale napepewa, macho kwenye gitaa, mpaka akaizima mwenyewe.

Basi. Tuje kwa Ng'ombe.

Tulipochanga mimi na wewe tukapata gitaa moja tu, wewe ndiye uliyesema ng'ombe wa maskini hazai, na jina likamganda. Mlipohama tukapeana mkono: muhula kwako, muhula kwangu. Muhula wako umekwisha tangu mwezi uliopita. Taratibu unazijua, lakini naziandika kwa sababu mkono wangu unataka kuandika kitu. Anayemaliza zamu avue nyuzi. Aligeuze lile jino la plastiki pale shingo inapokutana na kichwa, lenye mifereji minne ya kupitisha nyuzi, maana wewe ni mashoto na mimi ni wa kulia, na mfereji wako mnene ndio mwembamba wangu. Amfunge nyuzi upande wa mwenzake, amvike gunia la pamba alilolishona mama, ampandishe basi. Na jino halitiwi gundi, kamwe. Linashikwa na nyuzi tu, ndiyo maana linageuka.

Mimi kwa sasa nafanya mazoezi kwenye rula ya mama ya kupimia vitambaa. Nimeichora mistari minne kwa chaki. Haina sauti, lakini pia haichelewi.

Mdogo wako,
Jongoo


28 Januari

Jongoo wewe,

Barua imefika, pini tumezihisi mpaka huku. Sisi wazima. Mama yuko vizuri, presha yake imetulia, anasema ikipanda tena atajua ni mimi. Anakusalimu. Amesoma ile habari ya kuwa wa kwanza kwa sauti, mezani, mbele ya chakula changu, halafu akaisoma tena kana kwamba ni tangazo la serikali. Pole ya mgongo mwambie mama mdogo.

Hiyo besi ya feni nimeipenda kabla sijaiona! Uliing'ata? Usiniambie hukuing'ata. Gitaa la umeme dukani halina sauti, Jongoo, mpaka uweke meno pale kichwani, upige uzi, usikie linavyoongea ndani ya fuvu lako. Macho yanadanganywa na rangi. Meno hayadanganywi. Mbao za kubandika zisikutishe. Bosi Fyuzi hapa karakana anasema gitaa la bei rahisi ni kama kiatu cha mtumba: usiulize kilitoka wapi, vaa utembee. Wiki iliyopita imeletwa moja, ndani ya tundu la nyaya panya alishajenga na kuzaa. Tumetoa familia yote, nikachomelea nyaya mbili, tukawasha. Wallahi lilinguruma mpaka vikombe vya chai vikasogea mezani! Kuna watu wananunua gitaa la bei ya kiwanja na halisemi hata nusu ya lile. Shingo nyofu, vigingi vya kukazia nyuzi visivyolegea, sumaku za kunasa sauti zisizokoroma. Vilivyobaki ni vipodozi.

Halafu sijakwambia. Jumamosi mchana tunapiga ukumbini. Mimi, mpiga ngoma mmoja tunamwita Sufuria, na dada mmoja mwimbaji. Juzi tumefika katikati ya wimbo, nimeshuka na Ng'ombe chini kabisa, ile sauti ya mnyama aliyeshiba, na yule dada akaacha kuimba. Akageuka. Akanitazama, akatazama gitaa, akacheka, ndipo akaendelea. Sufuria anasema kwa miaka yote dada huyo hajawahi kugeuka kumtazama mtu.

Ng'ombe anakuja. Wiki ijayo hivi. Kuna kigingi kimoja nakiweka sawa.

Kaka yako,
Mashoto


12 Februari

Kaka,

Hatujambo. Mama anashukuru kwa pole. Mvua imeingia kwa dirisha la jikoni, tumeweka beseni. Mama mkubwa apokee shikamoo.

Wiki ijayo yako imepita, na ya pili yake nayo imepita.

Nilitaka kukuandikia barua hii kwa lugha ile nyingine, ya darasani. Kule mimi ni mtu mpole sana, natia "tafadhali" kila mstari, nikadhani itanizuia nisikasirike. Ikatoka kama barua ya kuomba kazi. Nikaichana. Hasira yangu ilizaliwa jikoni, haijasoma.

Kwa hiyo nasema kwa hii. Barua yako nimeisoma, panya nimecheka, vikombe nimecheka. Nilipofika pale yule dada anageuka, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Kisha nikaitoa nikasoma palepale tu, anageuka. Ni gitaa langu pia, Mashoto. Nusu ya ile sauti ya mnyama aliyeshiba ni yangu, mimi ndiye niliyechagua zile nyuzi nene. Na hakuna mtu aliyewahi kugeuka kunitazama, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwa mbele yangu nikipiga. Ni mimi na pasi ya mama na ukuta.

Mama aliniona ninavyoikunja. "Unamwonea wivu ndugu yako?"

"Hapana. Nina haraka tu."

"Haraka haivimbishi midomo," akasema, akaendelea kushona.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea, na usinicheke. Mwalimu wa muziki aliingia darasani akauliza, nani anapiga besi humu? Kuna mahafali ya wanaomaliza, tarehe kumi na saba Aprili, na bendi ya shule haina besi. Mkono wangu ukapanda peke yake, ukaishia sikioni.

"Wewe, unajikuna au unajibu?"

"Najibu, mwalimu."

"Una gitaa?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo njiani."

Darasa zima lilicheka. Lakini nyimbo alizonipa nimezijua zote kwa siku mbili, kwenye rula. Shida ni Kioo. Ni kijana wa darasa la juu, tunamwita hivyo kwa sababu kila kitu chake kinang'aa. Ana besi aliyonunuliwa na baba yake, inakaa ndani ya sanduku lenye manyoya kama maiti ya tajiri. Anapiga kwa dole gumba tu, pa pa pa, kama anaua mbu. Mwalimu amesema Kioo ashike mazoezi kwa sasa, ila nikileta gitaa kabla ya siku yenyewe nafasi ni yangu, maana mimi ndiye ninayezijua nyimbo. Nisipolileta, nitakaa na wapiga makofi.

Sijawahi kutaka kusimama mbele za watu. Wewe unajua kwa nini mnaniita Jongoo: nikiguswa tu najikunja. Safari hii nataka. Nashindwa hata kukueleza ninavyotaka.

Mlete Ng'ombe.

Jongoo


14 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya. Kazi nyingi. Mvua huku nayo. Mama mzima, anakusalimu sana, sana, na sana tena. Kila nikishika gitaa anauliza, hivi Jongoo hesabu alipata ngapi vile?

Hongera kwa mkono kupanda. Huyo Kioo usimjali. Besi ya sanduku la manyoya haipigi vizuri, inaogopa kuchafuka.

Kigingi kimekuwa sumbufu. Halafu ukumbi umetuongezea Jumapili. Ningekutumia, nitakutumia, nitafute tu mtu wa basi ninayemwamini.

Bosi Fyuzi amepokea besi nyingine ya kuchekesha, nitakueleza siku nyingine.

M.

*Mwanangu, ni mimi mama yako mkubwa, nimepata nafasi hapa chini kabla hajaifunga. Kigingi hakina kitu. Huyu analikumbatia hilo gitaa kama mgonjwa na chupa ya maji moto. Nimemwuliza kuna nini, amesema hakuna kitu. Ukimwuliza wewe labda atasema. Kula vizuri.*


22 Machi

Kwa: Bwana Mashoto, Fundi
Kutoka: Jongoo, Mmiliki Mwenza

KUHUSU: NG'OMBE

Bwana,

Natumaini u mzima pamoja na mama yako mzazi, ambaye peke yake katika nyumba hiyo anasema kweli.

Ninakukumbusha kwa heshima zote kwamba mnyama tajwa hapo juu ni wa watu wawili. Mmoja wao anageukiwa na waimbaji kila Jumamosi, na sasa Jumapili. Mwingine anapiga rula.

Sitauliza kuna nini. Ukitaka kusema, utasema.

Wako mtiifu,
J.


13 Aprili

(kikaratasi, ndani ya mfuko wa gunia)

Huyu hapa. Nyuzi sikuweza kuzifunga upande wako, utazifunga wewe. Usimkasirikie yeye. Siku yako iende vizuri.


20 Aprili

Mashoto,

Mama hajambo. Mimi sijui kama sijambo.

Ng'ombe alifika siku mbili kabla. Nilimtoa kwenye gunia palepale sakafuni, katikati ya sketi, nikamnusa. Ananuka ukumbi. Ananuka watu. Mkanda wake una harufu ya sabuni isiyo yetu. Nikavua nyuzi zako, nikaweka kidole kwenye jino niligeuze.

Halikugeuka.

Umelitia gundi.

Mama akaita mara mbili. Si jino lililoniuma. Mtu anayekusudia kurudisha kitu hakitii gundi. Ulipokuwa unaniandikia wiki ijayo hivi na kigingi hivi, lilikuwa limeshakauka, limekaa upande wako, kama mtu aliyejenga ukuta kwenye kiwanja cha urithi huku akimwambia ndugu yake tutagawana tu.

Nilichomeka ncha ya mkasi chini yake nikainua kidogo. Shingo ikasema "ta." Ile sauti ya mbao inayokuonya. Nikaacha. Nikafunga nyuzi zangu hivyohivyo. Uzi mnene haukuingia kwenye mfereji mwembamba, ulikaa juu yake na kila nikiubonyeza unaruka. Uzi mwembamba uliogelea kwenye mfereji mnene, ukalia kama nzi ndani ya kopo. Mbili za katikati tu ndizo zilizokaa.

Kwa hiyo nimepiga mahafali kwa nyuzi mbili za katikati.

Kila noti niliyozoea kuipata kwenye ule mnene ikabidi niitafute kwingine, juu huko shingoni, karibu na mwili, mahali ambapo watu wa ukumbini wanakwenda kujionyesha tu. Siku mbili sikulala vizuri wala kula. Mwalimu aliona nyuzi mbili zimelegea akasema, "Hili gitaa lina nyuzi nne au lina mbili na wageni?" Nikasema, mbili zinatosha, mwalimu. Sijui ni nani aliyesema vile kwa mdomo wangu. Kioo alikuwa amesimama pembeni na sanduku lake limeshafunguliwa, tayari.

Nilipiga. Niliegemea spika. Nilitazama viatu vyangu mwanzo mpaka mwisho. Sikukosea, Mashoto, hata mara moja. Na sauti ya mnyama aliyeshiba ilitoka, nyuzi mbili au nne, ilitoka, niliisikia kwenye nyayo.

Watu wakapiga makofi kwa mwimbaji. Mama alikuwa mstari wa tatu, akaniuliza baadaye, "Wewe ulikuwa unapiga lipi? Lile linalolia au lile jingine?"

Hakuna aliyegeuka.

Kwa hiyo sikiliza. Simrudishi. Zamu yangu ikiisha sitavua nyuzi, sitamvika gunia, sitakwenda kituo cha basi. Nina wivu, nimeandika, soma tena: nina wivu. Nakuonea wivu ukumbi, Sufuria, Jumapili, na yule dada shingo yake inayogeuka. Sitaki umpige tena. Na kama una la kusema kuhusu ile gundi, liseme, maana mimi nimechoka kulitafuta kwenye salamu za mvua.

Jongoo


9 Mei

Jongoo,

Mama mzima. Mvua imekwisha, kwa hiyo siwezi tena kujificha nyuma yake.

Barua yako mama ameisoma kabla yangu, nisamehe, aliiona mezani. Akaingia karakana, mbele ya Bosi Fyuzi na mteja aliyeleta redio, akasema, "Gundi?" Neno hilo moja tu. Mteja akachukua redio yake akasema atarudi.

Nalisema basi. Si rahisi. Nimeliandika na kulichana mara kadhaa.

Ng'ombe aliporudi kutoka kwako mwaka jana, nilimtoa nikaanza kumsafisha shingo kwa kitambaa. Unajua vidole vinaacha alama, uchafu wa jasho na chuma kinachong'aa pale mtu anapobonyeza kila siku. Zangu nazijua, ziko zote huku chini, karibu na kichwa. Nilikuwa nadhani zako pia. Kisha nikapandisha kitambaa. Alama zilikuwa mpaka juu kabisa, karibu na mwili, Jongoo. Mpaka kwenye vile vyuma vya mwisho ambavyo mimi sijawahi kuvifikia hata kwa bahati mbaya. Vimelika. Mtu amekwenda kule kila siku na kurudi. Mtu aliye peke yake na pasi na ukuta.

Nilijaribu kwenda kule. Sikujua ni njia gani. Nilikaa na zile alama jioni nzima nikiweka kidole changu juu ya kila moja, nikajaribu kubahatisha ulikuwa unapiga nini, na sikuweza. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika gitaa! Mimi ndiye mwenye ukumbi. Na mama kila siku Jongoo hesabu, Jongoo wa kwanza, nikawa nasema moyoni sawa, achukue hesabu, besi ni yangu. Kumbe hata besi.

Yule dada kugeuka ni kweli, aligeuka. Sikukwambia alichosema baadaye. Alisema, "Unapiga mambo mazuri yaleyale." Nilisikia yaleyale. Jumatatu nikatia gundi. Nilidhani akikaa upande wangu muhula mmoja zaidi, alama zako zitafutika na zangu zitapanda. Hazikupanda. Nimepiga wiki zote hizo na vidole vikarudi kulekule chini kama kuku wa jioni.

Na wewe umekwenda umepiga kwa mbili. Niliposoma pale nikatupa barua sakafuni, nikaiokota. Sitasema pongezi, itanitoka vibaya.

Kaa na Ng'ombe. Sisemi kwa kukupoza. Ukitaka kulitoa jino, chovya kitambaa kwenye siki, kifunge pale usiku kucha, kisha gonga kwa pembeni, taratibu, ubao mdogo katikati. Litaachia.

Mimi nimepata mwingine. Ile besi ya kuchekesha niliyokutajia, unakumbuka? Ni ya mashoto. Ya kweli, imezaliwa hivyo kiwandani, pembe ndefu upande wangu, vigingi vinaangalia kwangu, hata tundu la waya liko mahali ambapo mkono wangu unalitafuta. Imening'inia kwa Bosi Fyuzi muda mrefu maana wateja wakiishika wanadhani wamelewa. Kwa hiyo ameniuzia kwa bei ya kuiondoa ukutani. Rangi yake ni mbaya, kijani cha mlango wa choo cha shule. Mbao za kubandika. Sumaku moja tu, imejikunja kidogo. Nimeing'ata kichwani, Jongoo, nikapiga uzi mnene, na sauti ikaniingia mpaka kwenye magego, ndefu, tamu, haitaki kuisha. Maisha yangu yote nimeshika vitu vilivyogeuzwa. Mkasi, madawati, Ng'ombe. Sikujua kwamba kitu kinaweza kukungoja kimeshaelekea kwako.

Hakuna tena kugeuza jino. Kila mtu na wake. Afadhali, eti?

Kaka yako,
Mashoto


18 Mei

Kaka Mashoto,

Mama hajambo, mgongo umepoa, sare zimekwisha sasa ni mapazia. Mama yako alimpigia simu mama yangu, wakacheka mpaka mama akaiweka pasi pembeni isiunguze kitu. Sijaambiwa walicheka nini. Najua walichocheka.

Jino limetoka kwa siki. Chumba kizima kilinuka kachumbari. Nyuzi zote nne zimekaa.

Ng'ombe ni wangu. Nilisoma barua yako nikiwa nimempakata, nikaingoja furaha. Ikaja, ikakaa kidogo kama mgeni aliyeacha teksi nje, ikaaga. Pale pa alama za vidole nimepasoma polepole. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama lile, na wewe umeliandika kwa hasira, kwa hiyo naliamini. Nilienda kwenye kioo cha mama cha wateja nikajitazama kidogo. Kisha nikarudi kwenye kitanda nikaendelea kusoma, nikafika kwenye kijani cha mlango wa choo.

Nimenuna tangu siku hiyo.

Ndefu, tamu, haitaki kuisha! Uliandika hivyo ukijua nitasoma. Nimemng'ata Ng'ombe kichwani, nikapiga uzi mnene, nikasikiliza magego yangu. Sauti yake ni fupi. Sikuwahi kujua kwamba ni fupi. Sasa kila nikipiga nasikia anavyoisha.

Nimewahi kukuonea wivu vitu vingi, na nilizoea: baiskeli, koti la mvua, ile redio. Nilikuwa naona wivu kwa raha, kwa sababu nilijua siku moja kitanifikia kimeshachakaa. Hiki hakitanifikia. Kimetengenezwa kikiwa kimenipa mgongo. Ni kitu cha kwanza chako ambacho hata ukinipa sijui nikishike vipi, na mimi niliyeshinda, mwenye Ng'ombe peke yangu mapajani, ndiye ninayelia kwa ajili ya gitaa la kijani nisiloliona.

Halafu unaniuliza, kila mtu na wake, afadhali, eti?

Si afadhali. Nimekaa na karatasi hii tangu mchana nikijaribu kufikiria barua inayofuata itahusu nini. Mvua? Mgongo? Utaandika hatujambo, nitaandika hatujambo, halafu mmoja wetu atachelewa kujibu na mwingine hatakuwa na la kumdai. Umewahi kuniandikia bila Ng'ombe kuwa katikati? Mimi sijawahi. Sisi si watu wa simu.

Basi haya ndiyo masharti, na siombi, nasema. Mwezi wa nane Ng'ombe anapanda basi kuja kwako, amefungwa upande wako, na wewe utakwenda kule juu kwa vidole vyako mpaka upajue, nitaandika njia ukiniuliza vizuri. Na gari lilelile likirudi linarudi na huyo wa kijani. Nataka zamu. Utasema gitaa la mashoto nitalifanyia nini mimi. Mkono wangu wa kulia haujui lolote la shingoni, kweli, utaanza chekechea. Labda utajifunza. Labda nitakuwa naling'ata tu na kusikiliza. Na nikishindwa kabisa, kaka, nitalilaza hapa kitandani pembeni yangu, nisilipige hata siku moja, ili wewe ulikose, na uniandikie.

Mdogo wako,
Jongoo